Mama kwenye Kioo Kipana

Kompyuta yangu ni ya kizamani na sihitaji ushauri. Nalisema hili mapema kwa sababu kila kijana anayeingia stesheneri yangu hapa Kilosa, hata aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa tu, akiona mfumo wangu unavyowaka na kile kilima chake cha kijani chenye mawingu juu, lazima acheke kwanza, halafu anifundishe kazi. "Mama, hii si ungeipeleka makumbusho?" Namjibu kwamba makumbusho hawana foleni na mimi ninayo, kwa hiyo akae kwenye benchi asubiri zamu yake.

Ninazo sababu mbili za kuing'ang'ania. Ya mdomoni ni kwamba printa yangu haielewani na mfumo mwingine wowote. Tulijaribu mara moja, ikagoma siku nne. Ya moyoni ni kwamba mashine hii niliiokoa kwenye mafuriko, nikaiacha albamu ya picha za mama yangu izame. Kwa miaka mingi baba yangu alikaa bila picha ya mke wake ukutani, mkosaji nilikuwa mimi, na yeye hakujua.

Wacha nieleze vizuri. Mama aliniletea albamu hiyo dukani mwenyewe, kaifunga kwenye kanga, akaniambia niziingize picha zote kwenye kompyuta, kisha nimkuzie ile ya harusi. "Usimwambie baba yako," akasema. "Hizi anaziona ni mali yake peke yake." Baba alikuwa dereva wa lori la miwa, na vitu viwili tu hakuruhusu mtu avishike, leseni yake na albamu ile. Nikamjibu mama kesho. Kesho yangu mimi inajulikana mji mzima. Albamu ikakaa rafu ya chini kabisa, karibu na rimu za karatasi, na kila nilipokosa wateja niliitoa nikafunua kurasa mbili tatu, nikacheka peke yangu, nikairudisha. Kuiskani sikuiskani.

Mama akaugua, akakonda, akafa. Msimu wa mvua uliofuata, mto Mkondoa ukaingia mjini bila kupiga hodi. Maji yalipofika kizingitini nilikuwa na mikono miwili tu, na yote miwili ikakumbatia kompyuta. Nikaipandisha kichwani nikatoka nayo, watu wananisifu kwa ushujaa. Niliporudi siku ya pili albamu ilikuwa uji. Nyuso zote zilikuwa zimetoka kwenye karatasi, yamebaki madoa ya rangi ya chai ya maziwa.

Nyumbani nako maji yaliingia, na baba akaamini albamu imepotelea kule. Akachukua jembe akaanza kufukua tope chumbani kwake. Nami, binti yake, mtaalamu wa kompyuta, nikachukua jembe nikamsaidia kutafuta. Siku tatu. Nilijua haipo, nikafukua. Akisema tujaribu chini ya kabati, tunasogeza kabati. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, mengine na mashahidi, lakini lile nikilikumbuka mpaka leo vidole vya miguu vinajikunja ndani ya kiatu.

Iliyobaki ilikuwa picha moja, niliyompiga mama mimi mwenyewe kwa ajili ya kadi ya bima, miezi ya mwisho. Mashavu yameingia ndani, mtandio umelegea, mifupa ya shingo inahesabika. Hacheki, kwa sababu mimi nilimwambia asicheke, picha za kadi hazitaki meno. Niliikuza nikaiweka kwenye fremu nzuri, nikampelekea baba Kidodi, alikokuwa amehamia kwenye shamba la miwa la ukoo. Akaitazama mara moja tu, akanirudishia.

"Huu ni ugonjwa," akasema. "Mke wangu hakuwa hivi."

Ukuta wake ukabaki na kalenda. Kila nilipokwenda kumsalimia nilikaa kwenye kiti kinachoelekea ile kalenda, nikasoma miezi yote kumi na miwili ili nisimtazame usoni.

Basi, mambo yakaenda hivyo mpaka kioo cha kompyuta yangu kilipokufa. Kilikuwa kile cha chogo, kizito kama gunia la mahindi, na kilikufa Jumatatu asubuhi kwa harufu ya waya ulioungua. Nikampigia simu mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, pale barabara kuu ambako malori na watalii hupita bila kusalimiana. Bahati nzuri kazini kwao walikuwa wamebadilisha vioo. Akaniletea kimoja cha flati, kipana kama sinia la pilau ya harusi, akakichomeka, akawasha, akasimama kando kama bwana harusi anayesubiri kupongezwa.

Kile kilima kikalala. Miaka yote nimekizoea kikiwa kilima, leo kimekuwa mbuga ya Mkata, ungeweza kuchungia ng'ombe. Kapu la taka pale kwenye kona likawa beseni. Mafolda ya njano yakawa foronya. Herufi zilitanuka zikaota ukungu pembeni, nikafuta miwani mara mbili kabla sijagundua kwamba miwani haina kosa. Hata ule mshale wa kuonyeshea ulikuwa umenenepa, ukitembea polepole kama umeshiba.

Mdogo wangu akanieleza kwa sauti ile anayoitumia kwa wageni wasiojua bafu liko wapi. Mfumo huu, alisema, ulitengenezwa enzi za vioo vilivyokaribia kuwa mraba. Haujui kwamba duniani siku hizi kuna vioo vipana. Kwa hiyo unachukua kile kidogo ulichonacho, unakivuta kushoto na kulia mpaka kioo kijae. Tukatafuta mahali pa kubadilisha vipimo. Vipimo vilikuwapo, vinne, vyote vya enzi hizo hizo. Akaniambia, "Dada, weka mfumo mpya, mambo yaishe." Nikamwambia asante kwa kioo, basi la Mikumi linaondoka saa nane.

Sasa mimi nina utaratibu wangu wa kazi. Sitoi picha ya mtu kabla sijamgeuzia kioo akaiona na kuikubali. Watu wa hapa ukiwatolea picha wasiyoipenda hawakulalamikii wewe, wanakwenda kulalamika sokoni. Ndiyo maana kioo changu kimekaa kwenye kibao kinachozunguka, mteja anakalia benchi, namgeuzia, anajitazama, anasema haya. Na sasa kila niliyemgeuzia alijikuta amenenepa.

Wanawake hawakunung'unika hata mmoja. Kwetu kumwambia mtu amenenepa bado ni sifa, wauguzi waseme watakavyo. Dada mmoja anayeuza chipsi stendi alijitazama hivi na hivi, akasema, "Hiyo hiyo, usiiguse." Tatizo lilikuja kwenye karatasi, maana printa haijui habari za kioo, inatoa mtu kama Mungu alivyomuumba. Dada wa chipsi akashika picha zake akaniuliza kwa upole wa hatari kwa nini nimempunguza.

Nikaona nijitie ujanja. Aliyefuata alikuwa mwalimu mkuu mmoja kutoka Mvumi, mtu mrefu, mnyamavu, anataka pasipoti saizi nane za kupeleka ofisini. Kwenye kioo alionekana kama amemeza mwalimu mwingine. Nikaibana picha yake pembeni kidogo kidogo mpaka akawa mwenyewe, nikamgeuzia, akasema haya. Nikaprinti, nikatia kwenye bahasha bila kuzitazama, akaenda zake. Baada ya siku mbili akarudi. Hakupandisha sauti, aliiweka tu bahasha mezani.

"Ofisini wameniuliza kama nimepona," akasema.

Nikatazama. Masikini ya Mungu, mtu alikuwa amebaki pua na tai. Nilichokibana kwenye kioo nilikuwa nimekibana kweli, na karatasi ikatii. Nikamtolea nyingine nane huku nikiomba radhi mpaka akachoka kusamehe. Tangu siku hiyo nikawa nawaambia wateja wote kwanza: hapo kwenye kioo si wewe, wewe utatoka kwenye printa.

Wiki mbili hivi baadaye, baba akaja. Alitaka picha ya kitambulisho cha wakulima wa miwa. Angeweza kupiga Mikumi njiani, lakini anasema hakuzaa mpiga picha ili apigwe na watu baki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mashine yako bado hai?"

"Bado."

"Tuko wawili," akasema, akakaa kwenye benchi.

Nikampiga, nikaingiza picha, nikamgeuzia kioo. Akajitazama kwa muda.

"Nani huyu diwani?"

Nikamweleza habari za mfumo na kioo. Akaelewa haraka kuliko vijana wote walionicheka. "Ni turubai fupi kulivuta lifunike tela refu," akasema. "Litafika, lakini maandishi ubavuni yatapanuka." Nikamwambia ndivyo hivyo, nikaifunga picha yake.

Na hapo ndipo nilipokosea, kama ni kukosea. Picha yake nilikuwa nimeiweka kwenye folda la familia. Nilipoifunga, folda likabaki wazi na kioo kimemwelekea yeye. Picha ndogondogo zimejipanga: mdogo wangu na joho la mahafali, watoto wangu, na mama.

"Fungua huyo," baba akasema.

Sikuuliza nani. Nikafungua, mama akajaa kioo kizima.

Ile faili nilikuwa nimeifungua pengine mara mia kwenye kioo cha chogo. Kwenye hiki kipana sikuwahi. Mashavu yamerudi. Shingo imerudi, ile aliyokuwa akiipaka poda siku za harusi za watu. Mabega yamejaa, mtandio umemkaa. Hata kule kutocheka kwake, ambako mimi ndiye niliyemlazimisha, sasa kulionekana kama kwa mtu anayejizuia, na kidogo tu atashindwa. Nikainamisha uso, nikajifanya natafuta stepla.

Baba alivua kofia. Akaiweka kwenye goti, akaitoa kwenye goti, akaiweka kwenye benchi.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Ni ile ile ya kadi ya bima, baba."

"Siyo ile."

"Ni ile. Kioo kimemvuta, kama kilivyokuvuta wewe."

"Mimi kimenizulia," akasema. "Huyu kimemrudisha. Nitolee."

Nikataka kumkumbusha niliyokwisha kumweleza, lakini baba yangu amezoea kuendesha lori, ukimwambia mbele hakuna njia anakwenda kuthibitisha. Nikaprinti. Printa ikaguna, ikamtoa mama mwembamba, wa mifupa, wa miezi ya mwisho. Baba akaipokea, akaitazama, akailaza mezani kifudifudi.

"Nimesema huyu wa kwenye kioo."

Nikasema sawa. Kama nimeweza kumbana mwalimu mkuu kwa bahati mbaya, nitashindwa kumtanua mama yangu kwa makusudi? Nikachukua rula, nikampima mama kwenye kioo kutoka shavu hadi shavu, nikapiga hesabu, nikaivuta faili yenyewe kwa theluthi moja. Kioo nacho, kwa kutojua kwamba kazi imeshafanyika, kikaivuta tena. Mama akafura. Akawa na mashavu mawili kila upande, na pua ya kukalia.

Baba akatazama, akainamisha kichwa, akatazama tena. "Sasa huyo ni mama mkwe," akasema.

Nikacheka. Naye akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa, mpaka akashika meza. Tulicheka vibaya mno, kicheko cha kukosa adabu kabisa kwa marehemu wawili kwa mpigo, mama na bibi mzaa mama, na mteja aliyekuwa ameshafika mlangoni akaghairi akarudi alikotoka. Tangu mama azikwe hatukuwa tumecheka mbele ya jina lake. Nikaprinti huku bado nafuta macho. Kwenye kioo amekaa mama mkwe, kwenye karatasi akatoka mama.

Baba akaishika kwa ncha za vidole, wino usimharibikie.

"Pua imezidi kidogo."

"Imevutika pamoja na mashavu."

"Si neno. Mwenyewe angeikubali pua ili apate mashavu." Akaendelea kuitazama. Halafu akaniwekea mkono kichwani, jambo ambalo hajalifanya tangu nipo shule ya msingi, akasema, "Mungu akuweke, mwanangu. Maji yalichukua kila kitu, wewe umenirudishia."

Angesema kitu kingine chochote ningenyamaza. Nimenyamaza miaka, nina uzoefu. Lakini mkono wake ulikuwa kichwani mwangu, pale pale nilipoiwekea kompyuta siku ile natoka na maji ya magoti, nikashindwa.

"Baba, albamu haikuzama nyumbani," nikasema. "Ilikuwa hapa. Rafu ile ya chini. Mama aliniletea niziingize kwenye kompyuta, nikawa nasema kesho. Maji yalipokuja nikaibeba kompyuta."

Akautoa mkono. Hakuutoa kwa hasira, aliutoa tu, akaurudisha kwake.

"Na kule kwenye tope?"

"Nilijua haipo."

"Siku tatu."

"Siku tatu, baba."

"Tukasogeza kabati."

"Tulilisogeza."

Yule mteja aliyeghairi akarudi, anataka kopi za hati ya shamba. Nikabaki nimeganda. Baba akasema, "Mhudumie mtu," nikamhudumia. Nilitoa kurasa mbili juu chini, na ya tatu nikatoa kopi ya upande usio na maandishi. Mteja akavumilia, akaondoka. Nilipogeuka nilikuwa nimeshajiandaa kumkuta baba amesimama, kofia kichwani, anakwenda kulala kwa mdogo wangu Mikumi na hatanisemesha mpaka Idi. Alikuwa bado amekaa. Alikuwa amelisogeza benchi karibu na meza, picha ya mama iko mapajani mwake.

"Ile albamu," akasema, "uliifungua, au uliiweka tu?"

"Nilikuwa naifungua. Karibu kila siku."

"Basi nitajie."

"Nikutajie nini, baba?"

"Picha. Moja moja, kuanzia ukurasa wa kwanza. Mimi zimeanza kunitoka. Nilidhani zikinitoka ndiyo basi, hakuna mwingine anazo."

Nikakaa kwenye kiti changu. Sikujua kama ni adhabu au nini, na sura yake haikunisaidia. Nikaanza. Ukurasa wa kwanza, harusi. Mama kakaa kwenye kiti cha kuazima, wewe umesimama, umevaa koti linalokuzidi.

"La kaka yangu. Endelea."

Wa pili, mama yuko mbele ya lori, ameshika kioo cha pembeni. Akauliza lori la rangi gani. Nikasema jekundu. "La bluu," akasema. "Jekundu nilipewa baadaye. Rudia." Nikarudia, nikasema la bluu. Wa tatu, shangazi na mama wanachambua mchele, shangazi kafumba macho. Wa nne, nikachanganya sikukuu mbili, akanirudisha wa tatu kama mwalimu wa madrasa. Watu wawili watatu walichungulia mlangoni, wakamwona mzee na picha mapajani, wakaenda. Nilitaja kitenge cha mama chenye tausi, akasema hakikuwa na tausi, kilikuwa na feni, maana alikinunua yeye mwenyewe Morogoro na mama alikichukia, akakivaa mpaka kikachanika. Hilo sikulijua. Nikalipokea.

Tulifika wa nane, nikakwama. Nilifumba macho, nikaiona albamu, nikauona ukurasa, nikaona pembe nne za kushikia picha. Katikati pakawa patupu.

"Wa nane sikumbuki, baba."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nimwambie.

"Wa nane ni wewe," akasema. "Umefungwa mgongoni kwake, kinaonekana kichwa tu. Unalia, lori langu limekutilia vumbi. Yeye kageuza shingo anakutazama wewe, hana habari kabisa na kamera."

Hapo nililia, na sikutafuta stepla. Baba hakunibembeleza na hakuniambia ninyamaze. Alikaa akasubiri, mkono wake juu ya picha isipeperuke, mpaka nilipopata pumzi.

"Wa tisa," akasema. "Endelea."